Het: Neno Moja la Kuamuru katika Tenzi za Mashujaa wa Uingereza ya Kale

Shikamooni wazee wangu. Walimu, wanafunzi, na nyinyi mliokuwa mkipita tu mkaona viti vitupu mkaamua kupumzisha miguu, karibuni nyote.

Nilipomwambia jirani yangu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, kwamba leo nakuja kuzungumzia wanawake katika tenzi za mashujaa za Waingereza wa kale, aliniuliza swali moja tu: "Kwani walikuwamo?" Nikacheka. Njiani nikagundua kwamba mabingwa waliozisoma tenzi hizo kwa vizazi vizima walikuwa wakiuliza vivyo hivyo, ila kwa maneno marefu zaidi. Na jibu lao la miaka mingi lilikuwa: naam, walikuwamo, wanamimina pombe na wanalia.

Mimi nimekuja na neno moja. Ni neno la silabi moja, nalo ni *het*. Katika Kiingereza cha kale, ambacho Mwingereza wa leo hakielewi bila kufundishwa, *het* maana yake ni "aliamuru". Wakati mwingine huandikwa *heht*. Ndicho kitenzi cha mabwana. Beowulf, shujaa wa utenzi wenye jina lake, anapotaka kuvuka bahari kwenda kumkabili zimwi Grendel, *het*, aliamuru atayarishiwe jahazi. Mfalme Hrothgar anapotaka kumtuza, *heht*, aliamuru farasi 8 waingizwe ukumbini na hatamu zao za dhahabu. Asiye na watu wa kumtii hana haja na kitenzi hicho. Sasa nataka tukifuate mguu kwa mguu, tuone kinapoingia kinywani mwa mwanamke, na siku kinapomgeukia.

Kwanza niseme kidogo juu ya tenzi zenyewe, kwa faida ya wasiozijua. Waanglo-Saksoni waliishi Uingereza tangu karne ya 5 hivi, na utawala wao ukavunjwa na Wanormani mwaka 1066. Ushairi wao hauna vina kama tunavyovijua, wala hauhesabu mizani kama sisi. Kila mstari una vipande viwili, na vipande hivyo hufungwa pamoja kwa sauti za mwanzo za maneno yenye mkazo. Sikio letu lililozoea kungoja kina mwishoni linabaki linangoja. Utenzi mkubwa kuliko yote ni Beowulf, mistari 3182, nao umetufikia katika nakala moja tu iliyoandikwa kwa mkono mnamo mwaka 1000 na sasa iko London. Mwaka 1731 nyumba iliyohifadhi hati hiyo iliungua. Hati ikaokolewa, lakini kingo zake zilikuwa zimebabuka, na kwa miaka iliyofuata zikaendelea kumeguka, herufi baada ya herufi. Kumbukeni hati hiyo, nitairudia.

Tuingie ukumbini. Ukumbi wa Hrothgar, mfalme wa Wadenmaki, unaitwa Heorot. Beowulf amewasili, mgeni kutoka kwa Wageati, kabila la kusini mwa Uswidi ya leo, na ameahidi kupambana na zimwi usiku huo. Ndipo anapoingia Wealhtheow, mke wa mfalme, amevaa dhahabu, kikombe mkononi. Wasomaji wengi wakifika hapa huona mhudumu. Hebu mtazameni anavyokwenda. Anampa kikombe mumewe kwanza, kisha anazunguka kwa mashujaa, wazee kwa vijana, na mwisho anamfikia Beowulf. Mgeni hanywi mpaka mwenye nyumba amemfikia, na anapofikiwa, watu wote wameshaona nani yuko juu ya nani. Lipo shairi jingine la zama hizo, la mafundisho, linaloeleza kazi ya malkia: awe mkarimu wa farasi na hazina, katika karamu amsalimu kwanza mlinzi wa watu na kumtia kikombe mkononi, na ajue shauri la kuwafaa wote wawili. Ajue *ræd*, yaani shauri. Kikombe na shauri vimewekwa katika sentensi moja. Beowulf anapokipokea kikombe kile analazimika kusema neno mbele ya watu, na neno lake ni kiapo: atashinda au atakufa humo humo ukumbini. Wealhtheow amekwenda na kikombe, amerudi na ahadi.

Usiku Grendel anashindwa, anakimbia ameacha mkono wake. Kesho yake kunafanywa sherehe, na mshairi wa mfalme anasimama kuimba. Mngetarajia aimbe ushindi. Anaimba habari za Hildeburh.

Hapa nitakaa kidogo, maana kwangu huu ndio moyo wa utenzi wote.

Hildeburh ni binti wa kifalme wa Denmaki aliyeozwa kwa Finn, mfalme wa Wafrisia. Ndugu yake Hnæf anakuja kwao na watu wake, na vita vinazuka usiku katika ukumbi wa shemeji. Kulipokucha, asema mshairi, Hildeburh aliona chini ya mbingu mauaji ya jamaa zake mahali pale pale alipokuwa ameonja furaha kubwa kuliko zote duniani. Ndugu yake amekufa akipigana upande mmoja. Mwanawe amekufa akipigana upande wa pili. Mtu angesema hapa, wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Lakini sikilizeni linalofuata. Miili imekusanywa, kuni zimepangwa kwa mazishi ya moto, na mshairi anasema: *Het ða Hildeburh*. Akaamuru Hildeburh. Aliamuru mwanawe awekwe juu ya kuni za Hnæf, begani kwa mjomba wake.

Nasema mjomba, na nawaomba mlitue hilo neno taratibu. Kiingereza cha leo kina neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama, yote sawa. Kiingereza cha kale kilitofautisha: *eam* ni ndugu wa mama. Sisi hatuhitaji kuelezwa mjomba ni nani. Tunajua mjomba na mpwa wana deni gani baina yao. (Hati yenyewe ina *earme*, na wahariri wengi huona mnakili alizidisha herufi. Nakubaliana nao.) Wanaume wa pande mbili wamegawana wafu: huyu wetu, yule wenu. Hildeburh peke yake ndiye mwenye wafu pande zote, na kwa amri moja anaikana ile hesabu yao. Waliokufa wakiwa maadui anawaunguza wakiwa mtu na mjomba wake, bega kwa bega. Hakuna anayempinga. Kisha ndipo analia, ndipo anaimba maombolezo. Wengi walioandika juu yake wameanzia kwenye kilio. Mshairi ameanzia kwenye amri.

Majira ya baridi yanapita. Wadenmaki waliosalia wanakaa hapo hapo na Finn chini ya kiapo, barafu imefunga bahari, hakuna pa kwenda. Masika yanapofika, kisasi kinaamka, Finn anauawa nyumbani kwake, na malkia anachukuliwa. Hapo vitenzi vinabadilika. Hawasemi Hildeburh alisafiri wala alirudi. Walimbeba, wakampeleka kwa watu wake, pamoja na mali yote waliyoikuta katika nyumba ya mfalme. Anatajwa katika pumzi moja na vito. Sasa amepoteza ndugu, mwana na mume, na wimbo unakwisha hapo, watu wa Heorot wanashangilia, wahudumu wanamimina mvinyo.

Kuna kipande kingine cha utenzi kinachosimulia vita hivyo hivyo, mistari isiyofika 50, kilichochapishwa mwaka 1705 kutoka katika karatasi ambayo baadaye ilipotea. Kina mapanga, kina milango inayolindwa, kina kunguru. Hildeburh hamna kabisa. Nadhani hilo linatuambia vya kutosha: kisa kingeweza kuimbwa bila yeye, na mshairi wa Beowulf aliamua kukianza na kukimaliza naye.

Na ni nani anayeinuka mara tu wimbo unapokoma? Wealhtheow. Bado mnasikia maombolezo ya mama aliyemchoma mwanawe, na hapa pana mama anayekwenda hadi kwenye benchi walipoketi wanawe wawili, Hrethric na Hrothmund, na kati yao ameketi Beowulf. Anajua mumewe, kwa furaha ya ushindi, ametangaza kwamba atampenda mgeni huyu kama mwanawe. Anajua pia kwamba Hrothulf, mtoto wa ndugu ya mfalme, ameketi pale na ana umri wa kutawala. Mshairi ametudokeza pembeni kwamba undugu wao ulikuwa *bado* uko pamoja wakati huo. Hilo "bado" linatisha.

Basi malkia anasema. Anamwambia mumewe: pokea kikombe hiki. Furahi. Wape wageni maneno mazuri na zawadi. Nimeambiwa unataka kumfanya shujaa huyu mwanao. Gawa tuzo maadamu unazo, lakini watu na ufalme waachie jamaa zako. Ukikutwa na mauti, namjua Hrothulf wangu, atawatunza vijana hawa kwa wema, akikumbuka tuliyomtendea alipokuwa mdogo. Sijui kama mmewahi kusikia mtu akimsifu mwingine hadharani ili kumfunga mikono. Ndivyo ilivyo hapa. Kisha anamgeukia Beowulf, anampa kidani cha dhahabu ambacho mshairi anasema hajasikia kizuri kama hicho, na anamwomba awe mpole kwa vijana wale katika ushauri. Na anafunga hivi: humu kila mtu ni mwaminifu kwa mwenzake, watu wako tayari, na mashujaa waliokwisha kunywa wanafanya ninavyowaagiza. Anakwenda kuketi.

Wapo wanaouona usemi huo kuwa wa kinyonge, mama anabembeleza. Mimi nahesabu vitenzi vya kuamrisha kuanzia "pokea" hadi mwisho, na siuoni unyonge. Ninachokiona ni mtu anayejua kwamba neno lake lina nguvu ukumbini, na anajua vilevile ukumbi utakapokwisha.

Kile kidani, kwa njia, kina safari yake. Beowulf alipofika kwao alimpa Hygd, malkia wa Wageati, na mfalme Hygelac, mjomba wa Beowulf, alikuwa amekivaa siku alipouawa katika uvamizi wake wa Frisia. Hygd alibaki mjane na mtoto mdogo. Akafanya kinyume cha Wealhtheow: alimpa Beowulf hazina na kiti cha ufalme, kwa kuwa hakuamini mwanawe angeweza kukilinda kiti cha baba yake dhidi ya majeshi ya kigeni. Beowulf alikataa, akamsimamia kijana. Kijana baadaye aliuawa na Waswidi. Mama mmoja alitetea haki ya wanawe, mwingine alikuwa tayari kumruka wa kwake kwa ajili ya nchi, na wote wawili walikuwa wameiona hatari waziwazi.

Nafika kwenye neno mtakalolikuta katika kila kitabu cha kufundishia mada hii: *freoðuwebbe*, mfumaji wa amani. Wanafunzi hulipenda, nami silaumu, ni neno zuri. Linaeleza binti anayeozwa kwa adui ili damu mbili zifumwe ziwe nguo moja. Tatizo ni kwamba katika ushairi wote wa Kiingereza cha kale uliotufikia neno hilo limetumika mara 3 tu. Mara moja anaitwa hivyo malkia Ealhhild katika shairi la Widsith. Mara nyingine, kwa umbo la kiume, anaitwa hivyo malaika. Na mara ya tatu, katika Beowulf, limetumika kwa kumkaripia malkia mkatili ambaye, alipokuwa binti, mwanamume akithubutu kumtazama usoni aliuawa. Si desturi ya malkia, asema mshairi, mfumaji wa amani kumtoa uhai mtu kwa kisingizio cha kutukanwa. Hildeburh haitwi hivyo. Wala Wealhtheow, ingawa yeye anaitwa kifungo cha amani cha mataifa, neno la jirani lakini si hilo. Wala Freawaru.

Freawaru ni binti wa Hrothgar. Beowulf aliporudi kwao alimsimulia mjomba wake kwamba binti huyo ameahidiwa Ingeld, mwana wa kabila walilopigana nalo, na akatabiri yatakayotokea. Bibi harusi ataingia ukumbini na watu wake, na mmoja wa vijana wa Kidenmaki atakuwa amevaa upanga wa kurithi. Mzee mmoja ataketi na pombe yake, amtazame, amwinamie kijana wa pembeni na kumwambia: unautambua upanga ule? Ndio aliouchukua baba yako vitani siku aliyouawa. Atarudia leo, atarudia kesho, mpaka kijana anyanyuke. Ni mara chache, asema Beowulf, baada ya mtu mkuu kuanguka, mkuki wa mauaji kupumzika hata kitambo kidogo, hata bibi harusi akiwa mwema.

*Hata bibi harusi akiwa mwema.* Kosa si lake, na utenzi unajua kosa si lake. Kazi aliyopewa imeharibiwa na mzee mwenye kikombe na kumbukumbu.

Msidhani hizo ni ndoto za washairi. Beda, mtawa aliyeandika historia ya kanisa la Waingereza, anatupa Osthryth. Huyu alikuwa binti wa kifalme wa Northumbria aliyeolewa na Æthelred, mfalme wa Mercia. Mwaka 679 falme hizo mbili zilipigana karibu na mto Trent, na ndugu wa Osthryth, Ælfwine, kijana wa miaka 18 hivi aliyependwa pande zote mbili, akauawa. Vita vikubwa zaidi vingefuata. Askofu mkuu Theodore akaingia kati, ikalipwa fidia ya fedha, kile ambacho sisi tungekiita dia, na hakuna roho nyingine iliyodaiwa. Kwa hiyo mara hiyo amani ilishika. Osthryth aliendelea kuishi Mercia kama malkia. Mwaka 697 aliuawa na wakuu wa Mercia, watu wa ufalme wake mwenyewe. Beda anaandika tukio hilo kwa sentensi moja na haelezi sababu.

Nirudi kwenye Beowulf, tuingie majini, kwa mwanamke ambaye wengi wenu mlikuwa mkimngojea: mama yake Grendel. Hapewi hata jina. Ameutawala ule upeo wa maji miaka 50. Mwanawe amerudi amekatwa mkono, akafia nyumbani. Usiku unaofuata mama anakwenda Heorot, anamchukua mtu mmoja, Æschere, mshauri aliyependwa kuliko wote na mfalme, na anauchukua mkono wa mwanawe uliokuwa umetundikwa, anaondoka. Mmoja kwa mmoja, na kiungo cha maiti wake. Asubuhi Hrothgar analia, na Beowulf anamwambia: afadhali mtu alipize kisasi cha rafiki yake kuliko kuomboleza sana. Hakuna ukumbini anayeona kwamba sheria hiyo hiyo ndiyo iliyomleta yule mama.

Mshairi anamwita *ides*, na hilo limewasumbua wafasiri. *Ides* ni neno la heshima. Hildeburh ni *ides*, Wealhtheow ni *ides*. Kwa Kiswahili cha zamani cha Lamu na Pate tungesema "Mwana", kama tunavyosema Mwana Kupona. Wafasiri wengi wa kisasa hulipitia neno hilo haraka wakifika kwa mama wa Grendel, wakaandika jini, zimwi, kiumbe. Mshairi hakuona haya: ni bibi mtukufu na ni mwanamke wa kutisha, majina mawili yamekaa pamoja. Na Beowulf akizama kumfuata, anaingia katika ukumbi, maana huko chini pana ukumbi, na anaitwa "mgeni wa ukumbini". Mwenyeji anamwelemea na kuchomoa kisu kipana. Yule wa juu alimpokea mgeni kwa kikombe, huyu wa chini kwa chuma, na wote wawili walikuwa wakihesabu uhai wa wana wao.

Lugha yao ilimwita mwanamume *wæpnedmann*, mtu mwenye silaha. Msiniulize silaha ipi, wasomi wanabishana na hapa kuna watoto. Ila ndipo mnaweza kuelewa mshtuko wa mwanamke mwenye kisu, na mshtuko mkubwa zaidi wa Judith.

Shairi la Judith limo katika kitabu kile kile cha Beowulf. Sehemu ya mwanzo imepotea, imebaki mistari 349. Ni kisa cha mjane wa Bethulia katika Biblia, lakini mshairi amemvika nguo za kishujaa za nchi yake. Holofernes, jemadari wa adui, analewa, anaamuru, tena kwa *het*, Judith aletwe kitandani kwake. Mwanamke anachukua upanga, anamshika nywele, anapiga mara mbili, kichwa kinabiringika sakafuni. Kijakazi wake anakitia katika mfuko waliobebea chakula. Wanapofika mjini, kitenzi kinahama: yule mwerevu *het*, aliamuru kijakazi akifunue kichwa watu wakione. Halafu anawaambia wanaume watoke na ngao jua likichomoza. Baada ya ushindi wanamletea upanga wa Holofernes, chapeo yake na deraya yake ya dhahabu nyekundu. Wanawake wengine katika tenzi hizi hutoa zana na vito. Huyu anapewa.

Nimtaje Elene upesi, mama wa Kaisari Konstantino, aliyetungiwa utenzi na Cynewulf. Anavuka bahari na jeshi kwenda Yerusalemu kuutafuta msalaba, na amri zake ni nyingi mno kuzihesabu hapa. Moja ni kumtupa Myahudi aitwaye Judas katika shimo kavu siku 7 bila chakula mpaka aseme. Hapo mimi huweka kitabu chini. Kitenzi nilichokisifu mbele yenu kinaweza kutumikia ukatili kinywani mwa malkia kama kinavyoweza kinywani mwa mfalme, na sitaki mtoke humu mkidhani nawaletea orodha ya watakatifu.

Kuna pia Waldere, karatasi mbili za utenzi uliopotea, zilizopatikana Copenhagen mwaka 1860. Zinafunguka na sauti inayomhimiza shujaa asiuache ujasiri wake uanguke siku hiyo, na inausifu upanga wake. Wasomi wengi wanakubali ni sauti ya mchumba wake, Hildegyth. Katika utenzi wa Kilatini wa kisa hicho hicho, msichana huyo ni mwoga na anataka wakimbie.

Sasa nilisema tutaona siku neno hilo linapogeuka. Katika kitabu cha Exeter, ambacho askofu Leofric alikitoa zawadi kwa kanisa kuu la mji huo katika karne ya 11, mna shairi la mistari 53 linalosemwa na mwanamke. Tunajua ni mwanamke kwa viambishi tu: "mimi mwenye huzuni" na "mimi mwenyewe" vimeandikwa kwa umbo la kike. Wapo wahariri wa zamani waliotaka kusahihisha wakidhani mnakili alikosea. Nafikiria jinsi Kiswahili kingemficha kabisa. "Nina huzuni" haina jinsia. Mume wake amekwenda ng'ambo, jamaa za mume wamekula njama kuwatenganisha. Na anasema: *het mec hlaford min*, bwana wangu aliniamuru. Mistari michache mbele: *heht mec mon*, niliamriwa, niishi katika kichaka cha msitu, chini ya mwaloni, ndani ya pango la ardhi. Hapo ndipo anapokaa siku ndefu za kiangazi. Kitenzi ni kile kile cha Hildeburh. Tofauti ni kwamba sasa mwanamke yuko upande wa kuamriwa, hana kikombe, hana benchi la wana, hana hata wa kumsikiliza. Anachobaki nacho ni wimbo, na wimbo huo umetufikia.

Kuna utenzi wa vita usio na mwanamke hata mmoja, ule wa Maldon, pale Byrhtnoth alipouawa na Waviking mwaka 991. Wanaume watupu, kiapo na mkuki. Lakini mjane wake, Ælfflæd, alilitunukia kanisa la Ely pazia lililokuwa na picha za matendo ya mumewe. Pazia limepotea, utenzi umebaki, nao umekatika mwanzo na mwisho. Mtu akinipa nafasi ya kupata kimoja tu kati ya vilivyopotea, nitaomba pazia.

La mwisho. Beowulf amekufa akipambana na joka. Wageati wanarundika kuni, wanatundika chapeo na ngao, wanawasha. Na hapo, kwenye ukurasa wa mwisho wa utenzi huo katika hati, mahali palipoharibika vibaya kuliko kwingine, kuna mwanamke. Amefunga nywele zake. Anaimba wimbo wa huzuni, anarudia tena na tena kwamba anaogopa siku mbaya zinazokuja, mauaji mengi, hofu ya majeshi, fedheha na utumwa wa kutekwa. Jina lake halimo. Si mke wa Beowulf tunayemfahamu, maana utenzi haukumpa mke. Nusu ya maneno yake wahariri wameyajazia kutokana na kingo za herufi. Yeye anajua lililompata Hildeburh: mfalme akifa, malkia hubebwa na vito hadi jahazini. Baada ya wimbo wake utenzi una maneno matatu yanayosomeka vizuri kabisa: mbingu iliumeza moshi.

Asanteni. Nipo kwa maswali, na yule mama jirani yangu yuko pale nyuma, kwa hiyo ulizeni kabla hajaanza yeye.